Kutoka Amri hadi Swali: Lugha ya Kueneza Utafiti wa Jiolojia katika Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Mnamo Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuutangaza mwaka 2008 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayari ya Dunia. Azimio hilo lilipendekezwa na Tanzania. Shabaha yake kuu ilikuwa ni kuzitoa sayansi za dunia, yaani elimu ya miamba, madini, udongo, maji ya ardhini na matetemeko, katika maabara na maktaba na kuzifikisha kwa jamii inayoishi juu ya miamba hiyo. Kwa hiyo nchi ambayo lugha yake ya taifa ni Kiswahili ndiyo iliyoutaka ulimwengu uwaeleze watu wa kawaida habari za ardhi yao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu jiolojia ya nchi hiyo ingali katika Kiingereza.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kutumia mfano mmoja, ambao ni Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Hoja inayotetewa ni kwamba kueneza matokeo ya utafiti si kazi ya kutafuta istilahi peke yake, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ni kazi pia ya kuchagua hali ya kitenzi, yaani kuamua iwapo msikilizaji ataamriwa, ataelezwa, au ataachiwa nafasi ya kuuliza. Itaonyeshwa kwamba katika Uluguru elimu ya ardhi ilitangulia kufika kwa njia ya amri ikakataliwa. Kwamba maelezo yaliyofuata yaliandikwa kwa lugha ambayo wahusika wengi hawakuisoma. Na kwamba swali, ambalo ndilo chimbuko la mwanasayansi chipukizi, bado halijapewa nafasi ya kutosha.

2.0 Uluguru katika Maandishi ya Kijiolojia

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kinautazama mji wa Morogoro. Kilele cha Kimhandu, kilicho kusini zaidi, kinapita mita 2,600. Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kuu la maji ya jiji la Dar es Salaam, hupata maji yake mengi katika milima hii. Wenyeji wake, Waluguru, huzungumza Kiluguru, lugha ya Kibantu iliyowekwa na Guthrie katika kundi la G35, na jina lao hufasiriwa kuwa ni watu wa milimani.

Kijiolojia, milima hii imo katika Ukanda wa Msumbiji, ambao ni ukanda mrefu wa miamba ya kale iliyozikwa chini sana ya ardhi, ikapikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito mkubwa hadi ikageuka umbo, kisha ikainuliwa tena juu. Sampson na Wright (1964) waliandika taarifa ndefu ya jiolojia ya Uluguru iliyochapishwa na idara ya serikali ya upimaji wa jiolojia. Baadaye Muhongo na Lenoir (1994) walitumia fuwele za zirkoni, ambamo urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa kiasi kinachojulikana, kukadiria wakati wa mageuzi ya miamba hiyo katika sehemu mbalimbali za Tanzania, Uluguru ikiwamo. Umri uliopatikana ni kati ya miaka milioni 600 na milioni 700.

Katika upande wa magharibi, maeneo ya Mgeta, hupatikana mwamba wa rangi ya kijivu hafifu uitwao anothositi. Miamba ya jamii hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya nyanda za juu za Mwezi, zile zinazoonekana nyeupe kwa macho. Upande wa mashariki, maeneo ya Matombo, kuna marumaru yenye yakuti. Aidha, ulanga wa Uluguru ulichimbwa tangu enzi za utawala wa Kijerumani.

Habari hizi zina mvuto wa pekee kwa kijana yeyote. Mtoto wa Mgeta akiambiwa kwamba jiwe analolikanyaga njiani ni ndugu wa mawe ya Mwezi, hapana shaka atainama kulitazama mara ya pili. Lakini ili aambiwe hivyo, sharti awepo mtu wa kumwambia, na iwepo lugha ya kumwambia.

3.0 Elimu Iliyokuja kwa Njia ya Amri

Si kweli kwamba Waluguru hawakupata kufikiwa na elimu ya ardhi. Ilifika, lakini ilifika kama sheria. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Msingi wake ulikuwa ni hofu ya kweli: miteremko ilikuwa mikali, misitu ilikuwa ikipungua, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kwenda mtoni. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta mapana ya ngazi kukingama na mteremko, na kuacha baadhi ya desturi zao za kilimo, hasa uchomaji wa mashamba.

Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na baada yake mpango huo uliachwa. Young na Fosbrooke (1960), waliolichunguza tukio hilo kwa kirefu, wanaonyesha kwamba chanzo hakikuwa kimoja: palikuwa na uzito wa kazi yenyewe, palikuwa na manung'uniko juu ya viongozi wa kienyeji waliotumiwa kusimamia utekelezaji, na palikuwa na siasa za kudai uhuru zilizokuwa zikikua wakati huo. Hata hivyo, ndani ya sababu hizo palikuwa pia na sababu ya kijiolojia. Mahali ambapo udongo wenye rutuba ni mwembamba, kuchimba tuta pana ni kuufukia udongo wa juu na kuufukua ule wa chini usio na rutuba. Mkulima aliyetii amri hiyo aliweza kuona mavuno yake yakipungua kwa macho yake mwenyewe. Wakati huohuo, wakulima wa Mgeta walikuwa na matuta yao ya asili, madogo na membamba kama vidato vya ngazi, ambamo majani yalifukiwa ili yaoze na kurutubisha udongo.

Kwa mtazamo wa isimu, jambo la kuzingatia hapa ni hali ya kitenzi. Sheria ndogo husema kwa hali ya amri au kwa hali tegemezi: chimba, asichome, alime hivi. Muundo huo hauna nafasi ya kishazi cha sababu. Na pasipo sababu, msikilizaji hawezi kutambua ni wapi agizo linafaa na ni wapi halifai. Mkulima wa Matombo hakupewa nafasi ya kusema kwamba udongo wake si sawa na wa Mgeta, kwa kuwa amri haijibiwi kwa hoja. Hujibiwa kwa kutii au kwa kukataa. Alikataa. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu hifadhi ya udongo yenyewe, ambayo ilikuwa na manufaa, ilihusishwa na dhuluma.

4.0 Maelezo Yaliyoandikwa Mbali

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta. Takriban milimita 100 zilianguka kwa muda usiozidi saa tatu, na miteremko ikaporomoka katika sehemu zaidi ya 1,000. Wakati huo Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, katika utafiti wa mmomonyoko wa udongo Tanzania, na watafiti walifika kupima. Temple na Rapp (1972) walieleza kuwa maporomoko mengi yalikuwa madogo na ya kina kifupi, kiasi cha mita moja hadi moja na nusu, na kwamba sehemu ndogo mno ya maporomoko hayo ilianzia ndani ya msitu. Karibu yote yalitokea katika mashamba na katika maeneo ya nyasi. Mizizi ya miti, walihitimisha, ilikuwa imeushika udongo.

Matokeo haya ni ya thamani kubwa kwa yeyote mwenye nyumba au shamba katika mteremko wa Uluguru. Yanaeleza ni wapi hatari iko, ni mvua ya namna gani inayoleta hatari hiyo, na ni kitu gani kinachoipunguza. Hayakumwamuru mtu, yalieleza. Lakini yalichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la jiografia la Sweden. Hapana ubaya katika hilo, kwa kuwa sayansi huhitaji kusomwa na kuhakikiwa na wataalamu wa mataifa mengine. Tatizo ni kuwa kazi ilionekana kwisha pale ambapo kwa upande wa mkulima ilikuwa haijaanza. Utafiti uliofanywa katika shamba la mtu unamdai mtafiti deni, na deni hilo hulipwa kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa.

5.0 Istilahi: Jina Moja, Dhana Mbili

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Hoja hii ina ukweli kwa kiasi fulani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa, lakini jina lake lenyewe linaonyesha kuwa elimu ya miamba haikuwa miongoni mwa sayansi zilizolengwa. Hata hivyo, ukichunguza msamiati wa jiolojia utaona kuwa upungufu wa maneno si tatizo kubwa kama inavyofikiriwa. Tatizo kubwa zaidi ni maneno ambayo tayari yapo, lakini mtaalamu na msikilizaji wanayatumia kwa maana tofauti.

Chukua neno mwamba. Kwa mzungumzaji wa kawaida, mwamba ni jiwe kubwa, gumu, lililoshikamana na ardhi. Kwa watu wa pwani ni pia jabali la baharini linaloharibu vyombo. Kwa mwanajiolojia, ugumu si sharti. Mfinyanzi ni mwamba, na hata mchanga uliolala katika tabaka waweza kuitwa mwamba. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Katika Uluguru, chini ya udongo mara nyingi kuna mwamba uliooza: bado una mistari na rangi za mwamba mzima, lakini jembe linaupenya. Tabaka hilo linahusika sana katika maporomoko. Mtu akiambiwa kwamba nyumba yake imekaa juu ya mwamba, atashukuru na kulala. Kumbe alipaswa kuuliza ni mwamba wa namna gani.

Neno madini nalo limebanwa na biashara. Katika mazungumzo ya kila siku madini ni kitu cha thamani kinachouzwa, ilhali katika sayansi kila mwamba, hata ule usio na bei, umeundwa kwa madini. Mtafiti akitangaza kijijini kwamba anachunguza madini ya mlimani, wenyeji wana haki ya kudhani kuwa mlima utauzwa. Marumaru vilevile limehama: kwa wakazi wengi wa mjini, marumaru ni vigae vya sakafu vinavyonunuliwa dukani, si jiwe linalochimbwa mlimani.

Kwa upande mwingine, lipo neno ulanga. Ni neno la Kiswahili lenye umri mrefu, linalotaja madini yanayong'aa na kubanduka katika vipande vyembamba kama karatasi. Neno hili halihitaji kubuniwa wala kukopwa, linahitaji kutumiwa. Ni kweli kwamba mkoa wa Morogoro una wilaya iitwayo Ulanga, lakini mwanaisimu hana budi kujihadhari na kishawishi cha kuunganisha majina kwa kufanana kwa sauti peke yake. Yakuti nalo limo katika lugha tangu zamani, ingawa wafanyabiashara wa vito hupenda kusema rubi.

Kutokana na mifano hii, yafaa istilahi za jiolojia zigawanywe katika makundi matatu: zile zilizokwisha kuenea na kueleweka, kama mmomonyoko na mashapo; zile zilizokopwa, kama anothositi na zirkoni, ambazo humtahadharisha msikilizaji kuwa hazijui; na zile zilizopanuliwa maana, kama mwamba na madini. Kundi la tatu ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu msikilizaji hudhani ameelewa. Mwandishi anayetumia neno la kundi hili hana budi kulifafanua mara ya kwanza analolitaja.

6.0 Sentensi: Nafasi ya -ki- na hu-

Istilahi zikiisha kupatikana, hubaki suala la sentensi. Linganisha sentensi mbili zifuatazo, ambazo zimetungwa hapa ili kuonyesha njia mbili za kueleza tukio la aina ya lile la 1970.

(a) Upungufu wa uthabiti wa mteremko husababishwa na ongezeko la shinikizo la maji katika vinyweleo vya tabaka la mwamba uliooza kufuatia unyeshaji wa kiwango cha juu.

(b) Mvua nyingi ikinyesha kwa muda mfupi, maji huzama hadi kwenye mwamba uliooza na kujaa humo. Udongo wa juu huwa mzito, na chini yake hulegea. Penye mizizi ya miti hushikwa. Pasipo mizizi huteleza.

Sentensi (a) si mbaya kisarufi, na ina mahali pake katika majarida ya kitaalamu. Lakini ni sentensi ya Kiingereza iliyovikwa maneno ya Kiswahili: matendo yote yamegeuzwa kuwa majina, na uhusiano wa nomino hizo umebebwa na kihusishi -a kinachojirudia. Sentensi (b) inatumia nyenzo ambazo Kiswahili kimejaliwa nazo. Kiambishi -ki- kinaleta sharti, na hu- kinaleta kanuni isiyofungwa na wakati. Muundo wa sharti na kanuni ndio umbo la sheria nyingi za sayansi: jambo hili likitokea, jambo lile hutokea. Msikilizaji wa Kiswahili ameuzoea tangu utotoni kwa njia ya methali. Asemaye kuwa haba na haba hujaza kibaba anatamka kanuni kwa kutumia hu- hiyohiyo.

Hapa, hata hivyo, pana tahadhari. Methali haihojiwi, ilhali kanuni ya kisayansi ni lazima ihojiwe. Kiambishi hu- hakionyeshi kama jambo limepimwa mara moja au mara elfu. Kwa hiyo mwenye kueneza utafiti anapaswa kuongeza maneno ya kupimia uhakika, kama vile imepimwa, yaelekea, huenda, au katika sehemu nyingi lakini si zote. Bila ya hayo, maelezo yatarudi kuwa amri kwa mlango wa nyuma.

Jambo jingine ni namna ya kueleza wakati. Miaka milioni 650 ni tarakimu isiyoshikika. Lakini kama kila mwaka utawakilishwa na milimita moja, umri huo utakuwa kilometa 650, takriban urefu wa barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Kwa kipimo hichohicho, tangu ghasia za Matombo hadi leo ni milimita sabini na kitu, yaani urefu wa kidole. Mlinganisho wa namna hii hauipunguzii sayansi uzito, bali huipa mahali pa kukaa akilini.

7.0 Swali na Mwanasayansi Chipukizi

Maelezo mazuri hayatoshi kama yanamwacha msikilizaji kimya. Tanzania ina mfano maarufu wa jambo hili, ingawa unatoka katika fizikia wala si jiolojia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliona kuwa mchanganyiko wake wa maziwa ya kutengenezea aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, aliambiwa kuwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, Dk. Denis Osborne wa Chuo cha Dar es Salaam alikwenda shuleni hapo kutoa mhadhara. Mpemba alisimama akauliza swali lake lilelile, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 makala ya wawili hao yakachapishwa. Wanafizikia wanaendelea kubishana kuhusu tukio lenyewe, lakini jina la Mpemba limebaki katika fizikia ya dunia.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, mhadhara wa wazi haukuzaa matunda kwa sababu ya yaliyosemwa na mgeni, bali kwa sababu ya nafasi iliyoachwa mwishoni kwa ajili ya maswali. La pili, Mpemba aliuliza kwa Kiingereza, akiwa amekwisha kufika sekondari. Katika shule za msingi za serikali somo hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari lugha hubadilika. Mtoto wa Nyandira au Kinole ambaye ana swali kuhusu jiwe la kijijini kwake huwa amepewa lugha ya kuliuliza hadi darasa la saba. Baada ya hapo anatakiwa kwanza ajifunze lugha nyingine. Haiwezekani kujua ni maswali mangapi yamepotea njiani.

Jitihada zipo. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, huwapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kufanya utafiti wao na kuuonyesha hadharani. Mjini Morogoro kwenyewe kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye wataalamu wa udongo na misitu walio karibu kabisa na mlima. Kwa hiyo wataalamu wapo, wanafunzi wapo, na mlima upo. Kinachohitajika ni daraja la lugha baina yao, na ujenzi wa daraja hilo hauwezi kuachiwa wanajiolojia peke yao. Ni kazi ya idara za Kiswahili pia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa historia ya elimu ya ardhi katika Uluguru yaweza kusomwa kama historia ya hali tatu za usemi. Amri ilikuja na mpango wa miaka ya 1950 ikakataliwa mwaka 1955. Maelezo yalikuja na watafiti wa 1970, yakiwa sahihi na yenye manufaa, lakini yakaandikwa mbali na wenye mashamba. Swali lingali linasubiri.

Kwa wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili wanaotafuta mada, uwanja huu u wazi. Muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, uliofuatana na kila utafiti unaofanywa mlimani na kusomwa mbele ya wanakijiji kabla ya kuchapishwa, utakuwa mwanzo wa kutosha. Maneno ambayo wasikilizaji wataomba yafafanuliwe yatakuwa orodha bora ya istilahi kuliko ile inayotungwa ofisini, kwa sababu itakuwa imetokana na haja. Na katika kikao cha namna hiyo, mkulima ataweza hatimaye kusema jambo ambalo mwaka 1955 hakupewa nafasi ya kulisema: kwamba udongo wa upande wake si sawa na wa upande wa pili, na kwamba anataka kujua kwa nini. Mtu aulizaye hivyo amekwisha kuanza kazi ya mwanajiolojia.